Dar–Kigali SIYO saa 1 na dakika 20! Hizi tovuti za kukokotoa umbali zinatuumiza

Wakuu, nina hasira na hili tangu juzi usiku, leo naliweka hapa.

Mama alikuwa Kigali kwa mdogo wangu. Wakala wa tiketi akatutumia ujumbe: ndege inaondoka saa 9 alasiri, muda wa safari saa 1 na dakika 20. Nikapiga hesabu, saa 10 na dakika 20 atakuwa ameshatua Dar, nikamkatia tiketi ya treni ya jioni kwenda Dodoma. Mama katua saa 12 kasoro dakika 10! Treni imeondoka yeye bado yuko kwenye foleni ya uhamiaji. Mtu wa miaka 71, magoti yanamsumbua, tunahangaika usiku kutafuta pa kulala.

Namuuliza wakala, ile saa 1 na dakika 20 umeitoa wapi? Kumbe kaitoa kwenye tovuti. Unaandika mji huu na mji ule, inakupa kilomita 1,140 na muda wa kuruka. Na muda wenyewe inaupata hivi: inachukua mstari ulionyooka, inagawa kwa kilomita 850 kwa saa, basi. Ndege gani inakimbia kilomita 850 kwa saa kuanzia pale abiria wanapofunga mikanda? Inasukumwa nyuma, inatembea hadi kwenye njia ya kurukia, inasubiri zamu yake, inapanda, halafu ikikaribia inapunguza mwendo na kuzungushwa mpaka ipangwe kutua. Safari ndefu hayo hayaonekani sana. Safari ya nchi jirani ndiyo yanakula muda wote. Dar–Kigali, tangu mlango wa ndege ufungwe hadi ufunguliwe, weka saa 1 na dakika 50, hata saa 2.

Halafu kuna jambo baya zaidi, SAA ZENYEWE. Rwanda wako nyuma yetu kwa saa nzima. Saa 9 ya Kigali huku ni saa 10 tayari! Tiketi inaandika saa za kila mji kivyake, kwa hiyo ukienda unaona kama umeruka dakika 50, ukirudi unaona kama karibu saa 3. Mimi sikulijua hilo, nakubali. Wakala je? Si ndiyo kazi anayolipwa? Tiketi halisi alituletea baadaye, treni nimeshalipia, na imeandikwa wazi kabisa 17:50.

Wa magari nao wajihadhari. Tovuti hiyohiyo inakupa kilomita 1,140 zilezile kama umbali wa safari, wakati barabara inapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama hadi mpakani Rusumo, na mpaka uingie Kigali unakaribia 1,500. Mtu akipanga mafuta na mapumziko kwa namba ile anakwama njiani, na bado hajahesabu foleni ya mpakani wala kwamba ukivuka unahamia kuendesha upande wa kulia.

Nimemwambia wakala arudishe nauli ya treni na gharama ya chumba. Anajibu kosa ni la tovuti. Mimi sikuilipa tovuti, nilimlipa yeye! Aliyewahi kudai pesa ya namna hii akalipwa anieleze alianzia wapi, maana kesho asubuhi naenda ofisini kwake.