Ushindi mkubwa kuliko wote wa Muhammad Ali ni upi? Mimi nasema Liston 1964, njooni mpinge

KondeLaJioni:
Wakuu, hili swali linaleta ugomvi kijiweni kwetu kila tukikaa, leo nalimwaga hapa. Najua wengi mtakimbilia Kinshasa 1974, alipomlaza George Foreman. Mimi naenda Miami Beach, Februari 1964. Dogo ana miaka 22, bado anaitwa Cassius Clay, wacheza kamari wanampa moja kwa saba, na mbele yake kuna bingwa wa dunia Sonny Liston, jitu lililomlaza Patterson mara mbili, zote raundi ya kwanza. Raundi ya tano dogo haoni, kuna kitu kimemwingia machoni kinamchoma, anamwambia kocha wake Dundee amkate glovu waende zao, Dundee anamsukuma arudi ulingoni. Akazunguka raundi nzima kama kuku siku ya Idi. Ilipoitwa ya saba Liston hakunyanyuka kwenye kigoda. Bila usiku ule hakuna Ali, hakuna Kinshasa, hakuna lolote.

MtuWaKamba:
Mkuu umeanza vizuri ukaharibu. Liston kaacha kazi akiwa amekaa, eti bega. Huo ni ushindi au ni likizo ya ugonjwa?? Njoo 1974. Foreman alikuwa kapigana mara 40, kashinda zote 40, na 37 ni KO, kawalaza chini. Frazier alimwangusha Ali 1971, halafu Foreman akamwangusha huyo huyo Frazier mara sita ndani ya raundi mbili kule Jamaica. Norton aliyemvunja Ali taya, naye raundi mbili tu. Piga hesabu mwenyewe. Ali ana miaka 32, watu wanaomba atoke hai, yeye kaegemea kamba kajikunja kaliacha jitu lipige mpaka lichoke, raundi ya nane pa pa pa, chini. Mzee wangu Mungu amrehemu alikuwa anatusimulia, alisikiliza redioni saa sita usiku nyumba nzima imeamka, uwanja unaimba Ali bomaye, yaani Ali mbomoe, Kiswahili chetu kinasikika dunia nzima.

MwanaKivu:
Bandugu hapana. Boma ye si Kiswahili. Ni Lingala, koboma ni kuua, ye ni yeye. Muue. Batu ya Kinshasa banasemaka Lingala, Kiswahili ni huku kwetu mashariki na Katanga. Mi niko Bukavu, hata sisi tungekuwa kwenye ule uwanja tungeimba kwa Lingala.

MtuWaKamba:
Bomoa, boma, bomaye, mzizi ni ule ule, lugha za kibantu zote ndugu. Msitake kutunyima kila kitu.

SarufiKwanza:
Hata ingekuwa Kiswahili ingekuwa "mbomoe". Bomoa yeye anasema nani, mtalii wa Zanzibar? Na kinachobomolewa ni kibanda kilichojengwa hifadhi ya barabara. Foreman hakuwa amepigwa X nyekundu mgongoni.

MwanaKivu:
😂😂 na Boma ni mji, uko Kongo Central, zamani Bas-Congo, ulikuwaga makao makuu enzi za Mbelgiji. Kwa hiyo kwa hesabu yako walikuwa wanamtuma Ali aende Boma.

MatatuYaMwisho:
Hapo kwa redio ndio mimi nimekwama. Hiyo fight ilianza kama saa kumi alfajiri Kinshasa, ati ndio Wamarekani waione jioni kwao. Sisi tuko mbele ya Kinshasa masaa mawili. Yaani huku ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, watu wanavaa viatu waende job. Sasa mzee wako saa sita usiku alikuwa anasikiliza nini, buda? Tena tangu lini?

MtuWaKamba:
Sikiliza wewe wa Nairobi. Mimi naongea ngumi wewe unamtaja marehemu. Mzee wangu kafanya kazi bandarini miaka thelathini hajawahi kuitwa mwongo na mtu, aje aitwe na kijana anayejua 1974 kwa kuangalia video kwenye simu? Omba radhi.

MatatuYaMwisho:
Sijasema mwongo. Nimesema saa.

KondeLaJioni:
Jamani. Liston.

MamaWaPembeni:
Mmemsahau Frazier, Manila 1975. Raundi kumi na nne, asubuhi, joto la kuoka mkate, Frazier jicho moja limefumba na lingine linaelekea huko huko, kocha wake Eddie Futch akamwambia mwanangu kaa chini imekwisha. Ali mwenyewe alisema hajawahi kukaribia kifo kama siku ile. Ila mimi siwezi kuuita mkubwa, kwa sababu kabla ya pambano alikuwa anatembea na mdoli wa sokwe anaupiga mbele ya waandishi anasema huyu ndiye Frazier. Mtu mweusi anamwita mweusi mwenzake sokwe! Na huyo Frazier ndiye aliyempa pesa Ali alipofungiwa leseni. Frazier alilibeba hilo miaka na miaka. Mnamsifia tu kama malaika.

SarufiKwanza:
"anampiga", mdoli ni A-WA. Mengine nakubali.

MamaWaPembeni:
Mdoli hauna roho. Kaa pembeni.

Msomi_wa_Gongo:
Wote mmekosea ukumbi. Ushindi wake mkubwa ni mahakamani. Alikataa kwenda Vietnam 1967 wakamfunga miaka mitano, na katoka kifungoni ndio kaja kumpiga Foreman.

KondeLaJioni:
Alihukumiwa miaka mitano, HAKUITUMIKIA, alikuwa nje kwa rufaa. Walichomnyang'anya ni mkanda na leseni, miaka mitatu na nusu hajapanda ulingoni, na ndio miaka ambayo bondia anakuwa bondia. Juni 1971 Mahakama ya Juu wakaifuta hukumu, nane kwa sifuri. Hapo gongo limekuelekeza vizuri.

Msomi_wa_Gongo:
Asante. Na aliyekuja kumpiga Ali bila glovu ni Mwalimu. 1980 Rais Carter wa Marekani kamtuma Ali aje kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow, Mwalimu akakataa hata kumwona. Mnamtuma bondia kwa rais? Tukaenda Moscow. Wakimbiaji wetu, Bayi fedha, Nyambui fedha. Majirani zetu wakakubali, wakakaa nyumbani wanachoma mahindi.

MatatuYaMwisho:
Medali mbili za 1980. Tangu hapo mmeongeza ngapi?

Msomi_wa_Gongo:
...

MatatuYaMwisho:
Nangoja. Niko na mahindi hapa.

MwanaKivu:
😂😂😂 boma ye

MamaWaPembeni:
Haya, na ngumi zimeishia hapo. Mimi Foreman namheshimu kwa kitu kimoja, karudi 1994 akiwa na miaka 45 kamlaza Moorer kauchukua tena mkanda, na bukta kavaa ile ile ya Kinshasa. Miaka ishirini kaiweka kabatini. Mume wangu suruali ya harusi haimpandi hata magotini.

KondeLaJioni:
Hiyo anzisha yako mama, hapa ni Ali.

MtuWaKamba:
Nimempigia bi mkubwa. Anasema ilikuwa asubuhi, alikuwa anakoroga uji ukamshika chini kwa sababu na yeye alikuwa anasikiliza. Mzee pale bandarini alizoea kusoma saa kizungu, wanafanya kazi na mabaharia, sita yake ndiyo saa kumi na mbili yetu. Kwa hiyo alisema saa sita kweli. "Usiku" nimeuongeza mimi. Mzee hakudanganya, umesikia wewe wa Nairobi?

MatatuYaMwisho:
Nimesikia. Salimia bi mkubwa. Uji uliungua?

MtuWaKamba:
Uliungua na wakaunywa. Sasa Konde, rudi hapa, nataka hilo bega la Liston, bega gani linauma usiku ule ule unaozidiwa?