Mwalimu kakata alama, eti babu si ushahidi. Sawa hii?

Baba_Igoma: Wadau, nisaidieni. Binti yangu yuko la sita hapa Mwanza. Walipewa insha: samaki sangara ameleta faida au hasara Ziwa Victoria? Kaandika hasara, furu (wale samaki wadogo wa asili wa ziwa) wamepungua, na babu yake aliyekuwa mvuvi Ukerewe alimwambia zamani nyavu zilijaa furu. Kaongeza kuwa meli ya MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996. Mwalimu kaandika "Ushahidi?" kwa wino mwekundu kote kuwili. Kapata 9 kwa 20.

Ticha_Nyegezi: MV Bukoba na sangara wapi na wapi? Tarehe ni ya kweli, ila haitetei hoja yake hata kidogo. Babu ni jambo jingine. Alivua miaka gani, wapi, aliona nini? Mtoto akiyaandika hayo, babu ni shahidi. Akiishia "babu alisema", huo ni umbea.

Ngosha_Kirumba: Umbea? Mzee wa watu unamwita mmbea? Walimu mna dharau sana. Sisi tuliokulia mwaloni, samaki wanaposhushwa, tunawajua samaki kuliko vitabu vyenu.

Ticha_Nyegezi: Sijamwita hivyo. Soma tena, ngosha.

Ngosha_Kirumba: Nimesoma. Tena huyo sangara mnayemfundisha kaletwa na Waingereza miaka ya 70 huko.

Sato_Mkavu: Miaka ya 70 Waingereza wa wapi tena, kaka? Sangara alipandikizwa upande wa Uganda miaka ya 50, wakarudia mwanzoni mwa 60. Kulitawala ziwa ndiko kulikuja miaka ya 80.

Ngosha_Kirumba: Chanzo? Au na wewe babu kakwambia?

Sato_Mkavu: TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo hapa hapa Mwanza. Nauli ya daladala nakulipia.

Mzazi_Buhongwa: Mnamwonea mtoto bure. Mtihani wa la saba maswali mengi ni ya kuchagua herufi. Kutetea hoja kwa maandishi anajifunzia wapi, na nani ana muda wa kusahihisha insha za darasa zima lililofurika?

Mama_Dagaa: Mnaomponda sangara mmeshiba. Bila yeye hivyo viwanda vya minofu vingekuwepo? Mimi nimesomesha wanangu kwa mapanki, mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa.

Ticha_Nyegezi: Umeona, dada? Hiyo ndiyo hoja yenye ushahidi. Ila mwenzako anaweza kuigeuza: minofu imepanda ndege kwenda Ulaya, wewe umebakiziwa mifupa.

Mama_Dagaa: Mifupa! Mwalimu, umewahi kula kichwa cha sangara kilichokaangwa vizuri, au unakula chaki tu?

Ngosha_Kirumba: 😂😂 Mwambie huyo.

Baba_Igoma: Jamani, insha. Niende shuleni au nisiende?

Ticha_Nyegezi: Nenda, lakini usidai alama. Mwombe mwalimu amruhusu aiandike upya. MV Bukoba aitoe, babu ambakize na mwaka wake na mahali alipovua.

Sato_Mkavu: Na pale kwenye furu aweke sawa. Aina nyingi zilipotea kweli, ila baadhi zimeanza kuonekana tena.

Ngosha_Kirumba: Wameonekana wapi? Mimi nashinda mwaloni, sijawaona.

Mama_Dagaa: Wewe unashinda kwenye bao, ngosha. Utawaona saa ngapi?