Je, kompyuta za shule zikeshe zikifanya hesabu za watafiti?

Kipwani: Maabara za kompyuta za shule na vyuo hapa Malindi hufungwa jioni, na mashine hukaa bure hadi asubuhi. Kwa nini tusiziunganishe, kila moja ikapokea fungu lake la hesabu za wanaotafiti mikoko ya Mida na mikondo ya bahari, kukicha majibu yakawa tayari? Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kilianza jambo hili kwa programu ya Condor tangu miaka ya 1980. Kwetu linapingwa na washika funguo wasiojua hata kompyuta hufanya nini.

Mwalimu wa Maabara: Mshika funguo mmojawapo ni mimi, mwanangu, na Condor naijua. Mwenye mashine akigusa kibodi, kazi ya mgeni husimamishwa, huhifadhiwa pale ilipofikia, kisha yaweza kuhamishiwa mashine nyingine iliyo huru. Sasa nieleze wewe ujuaye: tokeni za umeme wa usiku kucha atanunua nani?

Fundi wa Maweni: Tokeni ni jambo dogo. Picha za mikoko hukatika vipande visivyotegemeana, kwa hiyo zinafaa. Lakini katika hesabu za mikondo kila kipande hungoja jibu la jirani yake kabla ya kupiga hatua, na kwa mtandao tulio nao mashine zitashinda zikingojana.

Kipwani: Shikamoo, Mwalimu. Mimi sikukutaja, umejitaja mwenyewe. Isitoshe, mashine iliyowashwa bila kazi nayo hula umeme.

Bint Shela: Za maabara huzimwa, kaka! Prosesa, ubongo wa kompyuta, ikikesha kwa nguvu zote huchemka, na feni zetu zimeshikwa na vumbi na chumvi ya bahari. Hata SETI@home, mradi wa kusaka viumbe wa anga za mbali kwa kompyuta za watu waliojitolea, ulioanza mwaka 1999, uliacha kugawa kazi mwaka 2020.

Kipwani: Mwaka huohuo, dada, watu walimiminika Folding@home, mradi mwingine wa kompyuta za kujitolea, kuchunguza protini za virusi vya korona, na umeme walijilipia.

Mwalimu wa Maabara: Hao walitoa zao, wewe unatoa za shule. Mita ya maabara ndiyo ya bweni. Tokeni zikiisha saa tisa usiku, wanafunzi wanaoamka kudurusu watakaa gizani, na wazazi watanipigia simu mimi, si wewe.

Fundi wa Maweni: Basi mita zitenganishwe. Na mikondo je?

Kipwani: Mita ya pili ni shilingi ngapi?