MREJESHO: Mananasi makavu kutoka Mwanza kwenda Ujerumani

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama mananasi ya Geita tunayokausha hapa Buhongwa yanaweza kuuzika Ujerumani, na ushuru wake ukoje. Yameuzika!

Ushuru ni sifuri. Umoja wa Ulaya unapokea bila ushuru bidhaa zote za nchi maskini zaidi, Tanzania ikiwemo, isipokuwa silaha na risasi, ilimradi uthibitishe asili, yaani kwamba mzigo umetoka nchini kwako. Mzigo usiozidi yuro 6,000 unaandika mwenyewe tamko la asili kwenye ankara. Ukizidi hapo, lazima usajiliwe kwenye REX, mfumo wa Umoja wa Ulaya wa kusajili wauzaji bidhaa nje.

Kazi kubwa ilikuwa lebo. Iwe ya Kijerumani, na salfaiti (kihifadhi kinachozuia matunda makavu yasibadilike rangi) ikizidi miligramu 10 kwa kilo itajwe. Sisi hatuiweki kabisa, ndiyo maana vipande vinakuwa na ukahawia. Shemeji yangu wa Hamburg, ndiye anayeagiza, aliihofia hiyo rangi. Wateja wakaonja, wakanunua. Hapo sibadilishi kitu: kina mama wanaomenya hapa wanajivunia kuuza nanasi tupu.

Kaka uliyeshauri pakiti za gramu 100, asante sana. Ndizo zinazotoka haraka. Sasa tunasubiri maembe.