Charles Tegart: polisi wa India alifuata nini Palestina?

Mhujaji: Wakuu, na shikamooni wakubwa. Kwenye hija ya Nchi Takatifu tulipita Latrun, mwongozaji akatuonyesha jengo la zege lenye matundu ya kupigia risasi. Akasema ni ngome ya Tegart, polisi wa Mwingereza kule India. Jina lake lilifikaje Palestina?

Kachero Mstaafu: Marhaba. Mtu wa Ireland huyo, mzaliwa wa Derry, 1881. Aliingia polisi India 1901, akapandia cheo Calcutta kwa kuwaandama wanamapinduzi wa Bengal waliopinga utawala wa Waingereza. Alikuwemo 1915 walipomzingira Bagha Jatin, kiongozi wa wanamapinduzi hao, huko Balasore. Kuanzia 1923 hadi 1931 akawa kamishna wa polisi wa jiji hilo.

Nimekuwa askari kanzu, kwa hiyo hadithi za ushujaa wake hazinibabaishi. Nguvu yake ilikuwa watoa habari na majalada, na waliomjazia majalada ni polisi wenyeji. Shamsul Alam alipigwa risasi Mahakama Kuu 1910. Basanta Chatterjee akauawa 1916. Nani anawataja? Sifa kabeba bosi.

Binti Kisutu: Lakini mzee, hata yeye aliwindwa. Januari 1924 mwanamapinduzi Gopinath Saha alimfananisha Ernest Day na Tegart, akamuua; Day alikuwa mfanyabiashara aliyekuwa akipita zake Chowringhee, mtaa wa Calcutta. Saha alinyongwa Machi. Oktoba ikaja sheria ya dharura, akakamatwa hadi Subhas Bose, mtendaji mkuu wa halmashauri ya jiji, akapelekwa gerezani Mandalay, Burma, bila kesi!

Kachero Mstaafu: Kweli, binti yangu. Na 25 Agosti 1930 gari lake lilitupiwa mabomu Dalhousie Square, hapo hapo Calcutta. Yeye akatoka mzima, aliyekufa ni Anuja Sengupta, mmoja wa washambuliaji.

Sasa Mhujaji, mwishoni mwa 1937 alipelekwa Palestina, iliyokuwa nayo chini ya Waingereza, kushauri namna ya kuuzima uasi wa Waarabu. Kule hakuwa na ule mtandao wake wa Calcutta. Kachero akikosa wa kumnong'oneza, anajenga: akapendekeza seng'enge mpaka wa kaskazini, na vituo vya zege kama ulichokiona.

Mhujaji: Asante sana mzee wangu. Cha Latrun sasa ni makumbusho ya vifaru. Vingine vilibomolewa?

Kachero Mstaafu: Vingi vipo. Baadhi ni vituo vya polisi mpaka leo. Hata makao ya Ramallah alikozingirwa Yasser Arafat 2002 yalianza kama ngome ya Tegart.