Gumzo la familia: Neema aanze darasa la kwanza wapi?

Mama Neema: Shikamooni wazazi wangu. Neema anaanza darasa la kwanza Januari, nasi tumebaki na shule mbili, ya serikali hapa Mbagala na ya mchepuo wa Kiingereza iliyoko Tabata. Tunaomba ushauri wenu.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Mimi naelekea Tabata, kwa sababu sekondari karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza, na watoto wengi wa shule za serikali hufika kidato cha kwanza wakakariri wasichokielewa. Isitoshe, nasikia inafaulisha sana.

Shangazi Rehema: Hoja ya lugha naikubali, kaka. Hiyo ya ufaulu tusiipokee hivihivi, kwani zipo shule zinazowarudisha darasa au kuwahamisha watoto wazito wa kuelewa kabla ya mtihani wa darasa la saba ili wastani upande, na Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023. Nimefundisha madarasa ya chini hadi kustaafu, na ninachowaomba ni kutazama madaftari. Azimeni daftari la Hisabati la mtoto wa darasa la pili kutoka kila shule, mlifungue katikati. Mkikuta mtoto ameandika 14 + 8 = 112 na pembeni kuna alama ya vema, jueni hakuna aliyelisoma. Mkikuta kosa limezungushiwa duara, na chini yake mtoto amefanya masahihisho akapata 22, hapo yupo mwalimu, hata kama darasa halina dari.

Baba Neema: Ahsante, shangazi. Serikalini ada hakuna, ila darasa limejaa mno. Tabata nako, basi la shule litampitia saa kumi na moja alfajiri na kumrudisha jioni giza likikaribia, ndiyo maana tuliwahi kuwaza bweni.

Bibi: Mtoto wa miaka sita asilale mbali na mama yake. Hilo sitalikubali.

Shangazi Rehema: Na Kamishna wa Elimu alikwisha kusitisha bweni kuanzia darasa la awali hadi la nne, tangu Machi 2023. Baba Neema, mtoto anayeamka saa kumi usiku atasinzia kipindi cha kwanza, nacho mara nyingi ndicho cha Kusoma au Hesabu. Mimi umbali huo ungenitosha kuiacha Tabata, Kiingereza akasaidiwa nyumbani.

Mjomba Hamisi: Kama ni saa kumi usiku, naungana na dada. Vitabu vya hadithi vya Kiingereza nitanunua mimi.

Mama Neema: Nashukuru sana. Jirani yangu amekubali kuniazima daftari la mwanawe kesho jioni. Shangazi, nitakupigia picha za kurasa za katikati unisaidie kuzisoma.