Picha za mwaloni alfajiri: ISO niweke ngapi?

kijana_wa_ujiji
Wakubwa shikamooni. Nina kamera ya mtumba na lenzi yake ya 18-55. Jana saa kumi na mbili kasoro nilishuka mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, kupiga mitumbwi ya dagaa ikirudi. Nilifundishwa ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ya 100 ndiyo picha safi, nikaiacha hapo. Kukuza kwenye kompyuta, mzee aliyekuwa akimimina dagaa kwenye turubai mikono yake imekuwa ukungu mtupu; shata ilibaki wazi 1/15 ya sekunde. Nilikuwa pia nimejaribu 6400, hiyo imejaa chenga, vile vidoadoa, usoni. Huyo mzee alivua na marehemu baba, nimemwahidi kumsafishia picha. Mbalamwezi inakaribia, wavuvi watapumzika. Nifanyeje?

fundi_tbr
Washa flashi, dogo.

mama_picha
Marahaba mwanangu. Flashi hapana. Itamulika magamba ya dagaa na kuwaumiza macho wanaoshusha mizigo gizani.

Anza na shata, ISO ifuate. Mtu anayemimina ndoo mpe 1/250. Ukizidisha ISO mara mbili, kasi ya shata nayo inakwenda mara mbili: 200, 400, 800, 1600. Toka 1/15 mpaka 1/250 ni hatua nne, kwa hiyo mwanga ule ulitaka 1600 tu. Ile ya 6400 hebu tazama taarifa zake, naona kama shata ilikimbia bure.

Na usivute lenzi mpaka 55, inabana tundu la kupitisha mwanga hadi 5.6. Baki 18 ikupe 3.5, tundu pana zaidi, kisha msogelee mzee, mwamkie kwanza.

Kitu kinachowaponza wengi hapa kwetu: jua linatokea nyuma ya vilima, anga juu ya ziwa linang'aa mapema huku mchangani bado kivuli. Kamera ikipima anga, uso unatoka mweusi. Ukija kuupa mwanga kwenye kompyuta, chenga zinazidi hata zile za ISO kubwa iliyopigwa sawasawa. Pima usoni.

kijana_wa_ujiji
Mama, nimetazama: 1/1000! Nilikuwa modi ya A, ile unayochagua tundu tu, shata ikajichagulia yenyewe.

mama_picha
Basi ndiyo hiyo. Weka ISO otomatiki, mwisho 3200, shata isishuke chini ya 1/250. Chenga kidogo kwenye karatasi hazionekani, mkono uliotikisika unaonekana. Nenda kesho.